Wimbi, Kibuyu na Kinu: Historia ya Mlo wa Bungoma na Kitale

Katika maandishi ya lishe ya karne ya 21 kuna mawazo matatu yanayotajwa pamoja mara kwa mara: lishe ya mtu binafsi, yaani kumpangia kila mtu chakula kulingana na mwili wake badala ya kuwapa watu wote kanuni moja, afya ya utumbo, yaani hali ya matumbo pamoja na matrilioni ya vijidudu vinavyoishi humo na kumeng'enya kile ambacho mwili wenyewe hauwezi kukimeng'enya, na ulaji wa kimababu, yaani kurejea vyakula vilivyoliwa kabla ya kuenea kwa unga uliokobolewa, sukari na mafuta ya viwandani. Mawazo hayo huuzwa mijini kama ugunduzi mpya, ilhali yana historia ndefu katika nchi iliyolala kati ya Mlima Elgon na mto Nzoia, ambako leo kuna miji ya Bungoma na Kitale. Historia hiyo yaonyesha jambo ambalo wanaousifu mlo wa mababu hulisahau kwa urahisi: urithi wa chakula katika nchi hii ulikaa katika kazi kuliko katika orodha ya vyakula, kwa maana ya ustadi wa kuotesha nafaka, kuchachusha, kuchuja majivu, kulaza mboga chunguni na kumgawia kila mtu kwa hali yake, na kazi hiyo ilidhoofika pale ardhi, muda na mikono iliyoihitaji ilipochukuliwa na mambo mengine.

Ushahidi wa kale zaidi wa kilimo katika eneo hili umetoka Kakapel, kwenye hifadhi ya mwamba iliyoko Kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda na si mbali na Bungoma, mahali panapojulikana pia kwa michoro yake ya kale. Utafiti wa mabaki ya mimea uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa kunde zilikuwa zikitumiwa hapo miaka 2,300 hivi iliyopita, na kwamba mtama na wimbi vilikuwako angalau miaka 1,000 iliyopita. Wimbi, ambao Tanzania huitwa ulezi, ni nafaka yenye asili yake katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Uganda hadi Ethiopia, na kwa hiyo unaweza kuitwa mwenyeji kamili; mtama ulifika kutoka upande wa kaskazini mashariki, nazo kunde zilikuja na wakulima waliotoka magharibi. Kwa hiyo hata katika tabaka za kilimo za udongo wa Kakapel hapapatikani mlo mmoja safi usiochanganyika, kwa kuwa kila kizazi kilipokea mbegu ya wageni na kuifundisha tabia za jiko la nyumbani.

Wabukusu, tawi la Waluhya, ambao ndio wengi katika Bungoma ya leo, walikuwa wakulima na wafugaji kwa pamoja, waliokuwa wakiishi katika vijiji vilivyozungushiwa ngome za udongo, miongoni mwazo Lumboka na Chetambe, ambazo zilishambuliwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Mashamba yao yalikuwa ya wimbi, ambao wao huuita bulo, pamoja na mtama, kunde, ufuta na maboga. Juu yao, kwenye miteremko ya Elgon, waliishi Wasabaoti, jamii ya Wakalenjin iliyotegemea zaidi mifugo, na kati ya pande hizo mbili, licha ya vita na wizi wa ng'ombe, nafaka ilipanda mlima na mifugo ikateremka. Wimbi ulipendwa kwa sababu zilizo wazi kwa mkulima yeyote, kwani punje zake ndogo ngumu hukaa ghalani miaka mingi bila kubunguliwa na wadudu, jambo lililoufanya kuwa bima ya ukoo wakati wa ukame. Sayansi ya baadaye imeongeza sababu nyingine, kwamba gramu 100 za wimbi zina takriban miligramu 340 za kalsiamu, madini yanayojenga mifupa, kiasi kinachozidi kwa mbali sana kile kilicho katika mahindi. Aidha nafaka hiyo ilisagwa kwa mawe pamoja na makapi yake, hivi kwamba busuma, yaani ugali, ulikuwa mweusi wenye wekundu na nyuzinyuzi nyingi, nyuzinyuzi zikiwa ni ile sehemu ya mmea inayopita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa na kuwafikia vijidudu wa utumbo mpana kama chakula chao.

Hata hivyo nafaka ilikuwa mwanzo wa kazi tu. Ili kupata kimea, au kimera kama wasemavyo wengi magharibi mwa Kenya, wimbi uliloweshwa, ukafunikwa hadi ukachipua vimizizi vyeupe, ukaanikwa juani na ndipo ukasagwa. Punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya, yaani protini zinazovunja wanga kuwa sukari, ndiyo sababu kijiko cha kimea kikitiwa katika uji mzito huulainisha, na mtoto mdogo akaweza kunywa uji wenye unga mwingi bila kukwama. Kwa upande wa pombe, unga uliloweshwa na kuachwa siku kadhaa hadi ukawa mchachu, kisha ukakaangwa juu ya moto, siku hizi juu ya bati, ukigeuzwageuzwa hadi ukawa chenga za rangi ya kahawia zenye harufu ya mkate ulioungua kidogo. Chenga hizo zilitiwa chunguni pamoja na maji na kimea, na baada ya siku mbili au tatu povu lilipopanda ikawa kamalwa, inayojulikana zaidi kwa jina la busaa. Wazee waliinywa kwa mirija mirefu wakiwa wameketi kukizunguka chungu kimoja, huku maji ya moto yakiongezwa kadiri kinywaji kilivyopungua. Katika tohara ya Wabukusu, ambayo hufanywa mwezi Agosti wa miaka shufwa, kuandaa pombe ya wimbi ni sehemu ya ibada yenyewe, kwa kuwa hicho ndicho kinywaji kinachomwagiwa mizimu na kunywewa na wale wanaombariki kijana.

Uchachu huo ulikuwa na faida ambazo waliouandaa walizijua kwa matokeo yake ijapokuwa hawakuzitaja kwa majina ya maabara. Bakteria wanaochachusha uji hutoa asidi ya laktiki, ambayo ndiyo inayoupa ukali wake, na asidi hiyo huzuia vijidudu wengi waletao ugonjwa wa kuhara, hivyo uji ulikaa salama bila jokofu. Vilevile kuloweka, kuotesha na kuchachusha hupunguza faiteti, ambayo ni kemikali iliyomo katika maganda ya nafaka inayoyashika madini ya chuma na zinki yasiweze kufyonzwa na mwili. Wimbi usiopitia kazi hiyo una madini mengi kwenye hesabu na machache kwenye damu, na hapa ndipo inapoonekana kwamba thamani ya nafaka ya mababu ilitegemea mikono ya mabibi.

Kazi ya namna hiyohiyo ilifanywa kwa mboga. Mnavu, saga, mito, mrenda, majani ya kunde na majani ya maboga, yaitwayo seveve, yaliota kando ya boma, mengine bila kupandwa, na mengi kati yake yana uchungu au utelezi ambao mgeni huuona kuwa kasoro. Dawa yake ilikuwa munyu wa asili, uitwao musherekha na Waluhya wengi. Maganda makavu ya maharagwe, au magunzi baada ya mahindi kuenea, yalichomwa hadi yakawa majivu meupe, majivu yakatiwa katika chombo chenye matundu chini kilichotandikwa nyasi, yakamwagiwa maji kidogo kidogo, na kilichodondoka chini kilikuwa maji ya rangi ya chai yenye ukali wa magadi. Matone machache yaliulainisha mrenda na majani ya kunde kwa muda mfupi na hivyo kupunguza kuni. Mboga chungu kama saga na mito zilipikwa, zikatiwa maziwa, zikalazwa chunguni na kupashwa moto tena kesho yake na keshokutwa, hadi uchungu ukazama ndani ya mafuta ya maziwa. Mpishi aliyezileta mezani siku ileile ya kuchumwa alihesabiwa kuwa na haraka isiyo na adabu.

Kwa Wasabaoti na Wakalenjin wengine wa Trans Nzoia, eneo la Kitale, ustadi kama huo uliwekwa katika maziwa. Kibuyu, ambacho wao hukiita sotet, kilisuguliwa ndani kwa kijiti kirefu chenye nyuzi kama brashi, kisha kikatiwa vijinga vya moto vya mti wa senetwet, vikapondwapondwa humo hadi ukuta wote ukapakwa vumbi la mkaa. Maziwa yalimiminwa, kibuyu kikafungwa na kuwekwa mahali penye ubaridi kwa siku kadhaa au hata majuma, na yakatoka mursik, maziwa mazito yenye michirizi ya kijivu na harufu ya moshi. Uchunguzi wa maziwa ya namna hii katika Kenya umewakuta humo bakteria wa laktiki wa jamii nyingi, wakiwamo wale ambao viwanda vya maziwa huwaongeza kwa makusudi katika mtindi na kuwatangaza kuwa rafiki wa utumbo. Kuchachuka hupunguza pia laktosi, sukari ya maziwa ambayo watu wazima wengi duniani hawawezi kuimeng'enya.

Suala hilo la laktosi laweza kuchukuliwa kama mfano wa kwanza wa lishe ya mtu binafsi katika nchi hii. Mwaka 2007 timu ya wanasayansi iliyoongozwa na Sarah Tishkoff, baada ya kuwachunguza watu wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan, ilitangaza kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana badiliko la chembe za urithi linalowawezesha kunywa maziwa mabichi hata utu uzimani, na kwamba badiliko hilo ni tofauti na lile la Wazungu, likiwa limezuka lenyewe na kuenea haraka kadiri ufugaji ulivyoshika mizizi. Maana yake ni kwamba historia ya ukoo huandikwa tumboni, na majirani wawili wanaogawana soko moja wanaweza kupokea kikombe kimoja cha maziwa kwa namna mbili.

Jamii zenyewe hazikusubiri ugunduzi huo ili kumgawia kila mtu chake, ingawa kigezo chao kilikuwa umri, jinsia, ukoo na tukio, wala hakikuwa kipimo cha mwili. Mama aliyejifungua alipewa uji wa wimbi mwingi ili apate nguvu na maziwa, naye kijana aliyetahiriwa alikuwa na masharti yake ya kula hadi kidonda kipone. Mgawanyo huo haukuwa wa haki kila mara. Miongoni mwa Waluhya kwa jumla wanawake walikatazwa kuku na mayai, na Günter Wagner, mwanaethnografia aliyefanya utafiti miongoni mwa Wamaragoli, tawi jingine la Waluhya, na Wabukusu katika miaka ya 1930, aliacha maelezo marefu kuhusu miiko na desturi za jamii hizo. Mwiko wa kuku uliwanyima protini wale waliokuwa na mimba na wanaonyonyesha, yaani wale walioihitaji kuliko wengine, na yeyote anayetaka kuurudisha mlo wa mababu hana budi kuamua kwanza atafanya nini na sehemu hiyo ya urithi.

Mabadiliko makubwa yaliingia kwa njia ya mahindi. Zao hilo la bara la Amerika lilifika pwani ya Afrika Mashariki katika enzi za Wareno, lakini bara lilibaki kuwa zao dogo la bustani, lililochomwa au kuchemshwa likiwa bichi. Lilichukua nafasi ya chakula kikuu baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901 na serikali ya kikoloni kugawa mbegu nyeupe zilizotoka Afrika Kusini. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia unga wa mahindi ukawa chakula cha lazima cha Kikosi cha Wapagazi, ambacho jina lake limebaki katika Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi, na kuhara damu ndiko kulikoongoza. Madaktari wa jeshi wenyewe walihusisha sehemu ya vifo hivyo na unga uliosagwa vibaya na kupikwa haraka, uliopewa watu waliozoea ndizi, wimbi au mtama. Miaka mia moja kabla ya neno afya ya utumbo kuwa maarufu, maelfu ya Waafrika walilipa kwa maisha yao gharama ya kubadilishiwa chakula kwa amri.

Baada ya vita hivyo mashamba ya Trans Nzoia, yaliyokuwa malisho ya Wasabaoti na majirani zao, yaligawiwa walowezi wa Kizungu, wakiwamo wanajeshi waliopewa ardhi kwa mpango wa mwaka 1919, na mwaka 1926 tawi la reli likafika Kitale. Mji huo ulijengwa juu ya mahindi. Wabukusu wengi walihamia huko kama maskwota, yaani wafanyakazi walioruhusiwa kulima kipande na kulisha mifugo michache katika shamba la mlowezi kwa malipo ya kazi yao, na chakula chao cha kazini kilikuwa posho, unga wa mahindi uliopimwa kwa siku. Neno posho lenyewe, ambalo maana yake ya kwanza ni mgao apewao msafiri au mfanyakazi, likageuka kuwa jina la chakula, na mashine ya kusaga ikaitwa kinu cha posho. Kampuni ya Unga, iliyoanzishwa mwaka 1908 na Lord Delamere, ilisaga nafaka za walowezi, na katika Kavirondo Kaskazini, wilaya iliyokuwa na Bungoma ya sasa, vinu vya maji vilienea katika miaka ya 1920 na 1930 na kuwapunguzia wanawake saa nyingi za kupiga magoti juu ya jiwe. Nafuu hiyo ilikuwa ya kweli na haifai kubezwa. Lakini kinu kilifanya kazi vizuri kwa mahindi kuliko kwa wimbi, na kadiri unga ulivyochekechwa na kuwa mweupe ndivyo makapi na kiini cha punje vilivyokwenda kwa mifugo. Nayo mifugo ya maskwota ilipunguzwa kwa amri za walowezi, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na bila ng'ombe hapakuwa na cha kutia katika kibuyu.

Pombe ya wimbi ilipata adui wa aina nyingine. Wamisionari wa Friends, yaani Wakweka, waliofika Kaimosi mwaka 1902 na baadaye kueneza makanisa na shule hadi kwa Wabukusu, waliwakataza waumini wao kunywa pombe, na familia iliyovunja chungu cha pombe iliacha pia sababu kubwa ya kulima wimbi na kuotesha kimea. Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde katika miaka ya 1940, iliwaita Wabukusu warejee ibada za mizimu na kafara za Mlima Elgon, ibada ambazo haziwezi kufanyika bila nafaka na mnyama, na wakati huohuo ikadai Wazungu waondoke nchini. Mwezi Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi, na dini hiyo ikapigwa marufuku mwaka huohuo. Kurejea chakula na ibada ya mababu, jambo ambalo leo ni chaguo la mwenye nafasi, wakati huo lilikuwa siasa iliyoweza kumgharimu mtu uhai wake.

Ni katika kipindi hichohicho ambapo mlo wa watu wa Afrika Mashariki ulianza kutumiwa na mataifa mengine kama kioo cha kujitazamia. Daktari wa meno Mmarekani Weston Price alizuru Afrika Mashariki mwaka 1935, akakagua meno ya watu wa jamii mbalimbali, Wamaragoli wakiwamo, na katika kitabu chake cha mwaka 1939 akadai kwamba wale waliokula vyakula vya asili hawakuwa na meno mabovu kama wale waliokula unga mweupe na sukari. Kitabu hicho ni miongoni mwa misingi ya harakati za ulaji wa kimababu hadi leo. Lakini aliowakagua walikuwa wachache, naye hakupima vifo vya watoto wala njaa, na jambo ambalo wasomaji wake wa mbali hawakuwa na njia ya kulitambua ni kwamba kufikia mwaka 1935 mahindi yalikuwa tayari yamekaa katika sufuria za Waluhya kwa muda wa kizazi kizima. Mlo aliouona kuwa wa kale ulikuwa katikati ya safari.

Hatua iliyofuata ilianzia Kitale. Mwaka 1955 mtaalamu Michael Harrison alianza huko kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi, na mwaka uliofuata ikaundwa Kampuni ya Mbegu ya Kenya katika mji huohuo. Mwaka 1961 ilitolewa aina iliyoitwa Kitale Synthetic II, na baada ya kuipandisha na mbegu iliyokusanywa nchini Ecuador, yenye nambari 573, ikapatikana chotara H611, iliyoingia mashambani mwaka 1964 na kuipita mama yake kwa mazao mengi zaidi. Wakulima wadogo wa Trans Nzoia na Bungoma waliipokea kwa kasi ambayo wataalamu wa kilimo waliistaajabia, na haikuwa kasi ya ujinga: wimbi huhitaji palizi ya mkono, tena ya macho makali, kwa sababu magugu yake hufanana nao sana, na mtama huhitaji watoto wa kuamia ndege, ambao baada ya uhuru walikuwa shuleni. Chotara za nyanda za juu hukaa shambani kati ya miezi sita na minane, hivyo shamba dogo lililopandwa mahindi halibakiwi na msimu wa kitu kingine. Katika Bungoma miwa ya kiwanda cha Nzoia, iliyoanza kupandwa kwa mkataba katika miaka ya 1970, ilimega ardhi zaidi, na sukuma wiki na kabichi, mboga za kigeni zinazokubali kukatwa na kupikwa papo hapo, zikachukua mahali pa zile zilizotaka kulazwa siku mbili.

Wakati mashamba ya upande huu wa Elgon yakibadilika, upande wa pili wa mlima ulizaa nadharia iliyobadilisha sayansi ya lishe. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi miaka ya 1960, pamoja na Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya kabla ya kuhamia Uganda, waliona kuwa wagonjwa wao wa vijijini karibu hawakuwa na maradhi yaliyojaa katika hospitali za Uingereza: saratani ya utumbo mpana, vifuko vya utumbo, kufunga choo kwa muda mrefu na kisukari cha ukubwani. Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kinyesi cha wanavijiji wa Uganda kilikuwa kizito mara kadhaa kuliko cha Waingereza, na kwamba chakula chao kilipita mwilini kwa takriban nusu ya muda. Walihitimisha kuwa siri ilikuwa katika nyuzinyuzi. Sayansi ya vijidudu imekamilisha maelezo yao kwa kuonyesha kuwa bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi hizo na kutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, ambayo hulisha ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe. Kwa lugha ya jikoni, ndani ya mlaji mna chungu cha pili kinachoendelea kuchachuka.

Ushahidi wa karibu zaidi umetoka Kilimanjaro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliwashirikisha wanaume 77 wa Tanzania, baadhi wa vijijini waliohamishiwa mlo wa kizungu kwa majuma mawili, baadhi wa mjini waliohamishiwa mlo wa asili, na wengine waliokunywa mbege kwa juma moja, kinywaji cha ndizi kinachochachushwa kwa kimea cha ulezi. Katika muda huo mfupi damu ya waliohamia mlo wa kizungu ilionyesha dalili za uvimbe kuongezeka, na ya wale wengine ikaelekea upande wa kupungua. Kwa upande wa lishe ya mtu binafsi, watafiti wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli walikuwa wameonyesha mwaka 2015, kwa kuwafuatilia watu 800, kwamba chakula kilekile humpandisha mtu mmoja sukari ya damu na kumwacha mwingine bila badiliko kubwa, na kwamba vijidudu vya utumbo vina sehemu katika tofauti hiyo. Kenya yenyewe ina mfano ulio hai: Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mzaliwa wa magharibi ya nchi na mtaalamu wa kilimo cha bustani katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ameeleza hadharani kwamba utotoni mwili wake ulikataa maziwa, mayai na samaki, akalelewa kwa mboga za kienyeji, na mboga hizohizo ndizo alizozifanya kuwa kazi yake ya utafiti.

Juhudi za kuurejesha urithi huo zimekuwa nyingi. Kituo cha kilimo cha Manor House, kilichoanzishwa Kitale mwaka 1984, kimewafundisha wakulima wadogo kilimo kisichotegemea kemikali za kununua. Mwaka 1999 Patrick Maundu na wenzake katika Makumbusho ya Taifa walichapisha kitabu kikubwa kuhusu mimea ya chakula ya asili ya Kenya. Na mwaka 2021 UNESCO iliiorodhesha kazi ya kuhifadhi vyakula vya asili vya Kenya, ambayo ilianza na jamii za Waisukha na Wapokoti, miongoni mwa mifano bora ya kulinda urithi. Mnavu na saga, vilivyowahi kuitwa mboga za maskini, sasa huuzwa katika soko la Chwele na katika maduka makubwa ya miji.

Hata hivyo yapo ya kuangaliwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 uliikuta mursik ikiwa na asetaldehidi, kemikali inayoambatana na ulevi na inayohusishwa na saratani ya umio, ugonjwa ulioenea isivyo kawaida magharibi mwa Kenya, na nafaka iliyoota ukungu hubeba sumu ambayo kuchachusha hakuiondoi yote. Wapo pia ambao mwili wao haupatani na baadhi ya vyakula hivi, na kwao neno la bibi halitoshi mahali pa neno la daktari. Mababu wenyewe, waliozoea kupokea mbegu ngeni na kuijaribu kabla ya kuiamini, wasingeliona jambo hilo kuwa la ajabu.

Lililo gumu zaidi ni la ardhi na muda. Uji wa wimbi uliochachushwa unahitaji shamba lisilomezwa na mahindi au miwa, mpaliliaji mwenye subira, na mtu wa kubaki nyumbani siku tatu akikiangalia chungu, na hivyo vyote vimekuwa adimu Bungoma na Kitale kuliko ilivyo mbegu yenyewe. Ndiyo sababu wimbi mwingi unaosagwa leo katika miji hiyo na kufungwa katika pakiti zenye maandishi ya lishe bora hufika kwa magunia kutoka Uganda, ukivuka mpaka pale Malaba na Lwakhakha, katika nchi ileile ya Kakapel ambako punje zake zilikwisha kuwa jivu la jikoni miaka elfu moja iliyopita.